Kugombea ni Kuahidi Kazi: Somo kwa Kamati za Parokia kutoka Vyama vya Wanafunzi vya Teknolojia ya Ubongo



Katika parokia zetu kamati huundwa kila baada ya kipindi fulani: kamati ya maendeleo, ya afya, ya ujenzi, ya elimu. Mara nyingi uchaguzi humalizika katika nusu saa baada ya Misa. Jina linatajwa, watu wanapiga makofi, katibu anaandika. Miezi sita baadaye malalamiko yanaanza: mwenyekiti haitishi vikao, mweka hazina hana daftari. Tunawalaumu waliochaguliwa. Ni mara chache tunajiuliza kama siku ile ya makofi kulikuwa na mtu aliyewaeleza kazi yenyewe ni ipi.

Somo la toleo hili linachukua mfano kutoka mbali kidogo. Katika vyuo vikuu vya Uingereza na nchi nyingine wapo wanafunzi waliounda vyama vya teknolojia ya ubongo. Kila mwaka vyama hivyo huchagua kamati mpya. Tumechagua mfano huu kwa sababu mbili. Kwanza, utaratibu wao wa kugombea umeandikwa, na unafuatwa na vijana wa miaka 19 au 20 ambao hawalipwi posho yoyote. Pili, kazi ya vyama hivi inagusa vichwa vya watu. Kiongozi mzembe anaweza kumdhuru mtu aliyejitolea kwa moyo mweupe. Katika hilo hawako mbali na sisi tunaoshika majina ya wagonjwa, karo za yatima na sadaka za wajane.

Lengo la somo

Baada ya kusoma na kujadiliana, wanakamati waweze:

- kueleza kazi ya kila nafasi kabla ya kutafuta wa kuishika;
- kumpima mgombea kwa ahadi zinazoweza kukaguliwa;
- kupanga makabidhiano tangu mwanzo wa kipindi cha uongozi.

1. Teknolojia ya ubongo ni nini?

Ubongo hufanya kazi kwa umeme mdogo sana. Mwaka 1924 daktari Mjerumani Hans Berger, akiwa katika mji wa Jena, alifaulu kuandika mawimbi ya umeme wa ubongo wa mwanadamu, na matokeo yake aliyachapisha mwaka 1929. Kipimo hicho ndicho kinachoitwa EEG, na hospitali hukitumia hasa kuchunguza kifafa. Vipande vidogo vya chuma viitwavyo elektrodi huwekwa juu ya ngozi ya kichwa. Umeme unaopokelewa ni hafifu mno, hupimwa kwa sehemu za milioni moja za volti, na hata kukonyeza jicho kunatosha kuuvuruga.

Baadaye wataalamu walijiuliza kama mawimbi hayo yanaweza kuendesha mashine. Mwaka 1973 Jacques Vidal, wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, alieleza kwa maandishi jinsi ubongo unavyoweza kuunganishwa na kompyuta. Mwaka 2004 Mmarekani Matthew Nagle, aliyepooza mwili baada ya kuchomwa kisu, alipandikizwa kifaa katika ubongo na akaweza kusogeza mshale wa kompyuta kwa kufikiri tu. Januari 2024 kampuni ya Neuralink nayo ilimpandikiza mtu wa kwanza kifaa chake. Teknolojia hii inajumuisha pia vifaa vilivyokwisha kuzoeleka hospitalini katika nchi nyingi, kama vile kifaa cha sikio la ndani kwa viziwi, na nyaya zinazopunguza kutetemeka kwa wagonjwa wa Parkinson.

Jambo hili linatuhusu sisi pia. Shirika la Afya Duniani linasema kuwa watu wapatao milioni 50 duniani wana kifafa, na karibu asilimia 80 kati yao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Linasema pia kuwa hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila degedege kama wangepimwa na kutibiwa ipasavyo. Kila parokia ina familia inayomficha ndugu wa namna hiyo chumba cha nyuma. Kwa hiyo vijana wanaojifunza kusoma mawimbi ya ubongo, popote walipo, wanajifunza jambo lenye thamani kwetu.

2. Chama na kamati yake

Chama cha namna hii hukusanya wanafunzi wa fani mbalimbali: uhandisi, udaktari, kompyuta, saikolojia, wakati mwingine hata sheria na falsafa. Hualika wahadhiri jioni, hufundishana kutumia EEG, na hujenga vifaa vidogo, kwa mfano programu inayomwezesha mtu kuchagua herufi kwenye kompyuta kwa mawimbi ya ubongo. Vipo vyama vya aina hii McGill mjini Montreal na Berkeley huko California, na mtandao wa kimataifa uitwao NeurotechX, ulioanzia Montreal mwaka 2015, huviunganisha vingi kati yake.

Kwa kawaida chama cha wanafunzi Uingereza husajiliwa chini ya umoja wa wanafunzi wa chuo, ambao kwetu tungeufananisha na serikali ya wanafunzi. Chama huwa na katiba, orodha ya wanachama, na kamati. Nafasi tatu karibu hazikosekani: mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Chama cha teknolojia ya ubongo huongeza nyingine kulingana na kazi zake, kama msimamizi wa miradi na vifaa, mwandaaji wa matukio, afisa mawasiliano, na wakati mwingine msimamizi wa ustawi na usawa wa wanachama. Kipindi cha uongozi huwa mwaka mmoja wa masomo.

Umoja wenyewe unabanwa na sheria. Sheria ya Elimu ya Uingereza ya mwaka 1994 inataka viongozi wakuu wa umoja wa wanafunzi wachaguliwe kwa kura ya siri, na inakataza mtu kushika nafasi ya kuchaguliwa yenye malipo kwa zaidi ya miaka miwili katika chuo kimoja. Vyama vidogo hufuata desturi hiyohiyo kwa kadiri yao: uteuzi hutangazwa mapema, fomu hujazwa, wagombea hujinadi, na kura hupigwa kwa siri, siku hizi mara nyingi kwa intaneti.

3. Kazi kwanza, mtu baadaye

Kabla fomu hazijatolewa, kamati inayomaliza muda wake huandika maelezo ya kila nafasi. Mweka hazina ataandaa bajeti, ataomba ruzuku kwa umoja, ataidhinisha malipo na kuhifadhi stakabadhi. Msimamizi wa vifaa atajua kofia za EEG ziko wapi, nani ameazima, elektrodi zipi zimechakaa. Kijana anayefikiria kugombea huyasoma maelezo hayo, kisha humtafuta anayeishika nafasi hiyo kwa sasa na kumuuliza kwa faragha: Kazi hii inakula saa ngapi kwa wiki? Ni jambo gani lililokushinda? Wakati wa mitihani nani alikusaidia?

Mazungumzo hayo mafupi huokoa mengi. Wapo wanaogundua kuwa walipenda cheo na kazi yenyewe hawaiwezi, wakaacha bila aibu. Wapo wanaogundua kuwa nafasi inayowafaa ni nyingine. Msichana anayejua kutengeneza mzunguko wa umeme anaweza kuwa na faida kubwa zaidi kwenye vifaa kuliko kwenye uenyekiti.

Kanisa la mwanzo lilifuata mpangilio huuhuu. Katika Matendo ya Mitume 6:1-6 lilianza tatizo: wajane wa upande mmoja walikuwa wakisahauliwa katika mgawo wa kila siku. Mitume wakaitaja kazi, wakataja sifa za watu wanaofaa, ndipo jumuiya ikawachagua saba. Hakuna aliyechaguliwa kwanza halafu akatafutiwa shughuli. Katika Luka 14:28-30 Bwana wetu anazungumzia mtu anayetaka kujenga mnara, ambaye budi akae chini ahesabu gharama kwanza. Mgombea anayeuliza saa ngapi kwa wiki anahesabu gharama za mnara wake.

4. Ilani ya mgombea

Mgombea huandika ilani fupi, mara nyingi isiyozidi ukurasa mmoja. Hapa ndipo ahadi hupimwa. Tutazame mifano miwili tuliyoitunga kwa ajili ya somo hili.

Mgombea wa kwanza ameandika: *Napenda sana mambo ya ubongo. Nikichaguliwa nitakipeleka chama mbele, nitaleta umoja na nitashirikiana na wanachama wote.*

Mgombea wa pili ameandika: *Naomba nafasi ya mweka hazina. Mwaka huu nimesaidia kutunza vifaa, na nimeona kofia mbili zikikaa bila kazi kwa kukosa elektrodi. Nitabandika hesabu kila mwisho wa mwezi. Nitatenga fedha za elektrodi kabla ya fedha za sherehe. Nitaanza kuandika daftari la makabidhiano katika mwezi wangu wa kwanza. Siahidi safari ya nje ya nchi, kwa sababu mfuko hautoshi.*

Ilani ya kwanza haina uongo ndani yake. Tatizo lake ni kwamba mwisho wa mwaka hakuna atakayeweza kusema kama imetimizwa au haikutimizwa. Ya pili inaweza kukaguliwa na mwanachama yeyote: hesabu zimebandikwa au hazikubandikwa, elektrodi zimenunuliwa au hazikununuliwa. Tena inataja jambo ambalo halitafanyika. Mtu anayethubutu kusema hapana kabla ya kura ataweza kusema hapana baada ya kura pia, hata pale marafiki watakapoomba fedha za chama.

Tuangalie vilevile kwamba mgombea wa pili alianza na alichokiona kwa macho yake. Hakuzungumzia chama kwa jumla. Alizungumzia kofia mbili zilizolala kabatini. Katika parokia ingekuwa tangi la maji lisilo na koki, au watoto watano waliokosa sare. Anayeiona shida ndogo na kuitaja kwa jina lake ameshaanza kuongoza.

5. Kujinadi na kuulizwa maswali

Siku ya kujinadi kila mgombea hupewa dakika chache tu za kusema, kisha wanachama huuliza. Maswali mazuri hayamkomoi mtu, yanaitafuta kazi. Kwa mfano: Fedha zikipungua nusu, utaacha shughuli ipi? Mradi wa mwaka uliopita ulikwama wapi? Wanachama wapya wasiojua kompyuta utawafundishaje? Ukiugua mwezi mzima, nani atashika funguo?

Kwetu maswali kama haya huonekana utovu wa adabu, hasa mgombea akiwa mzee au mtu mwenye nafasi katika jamii. Hapana budi tujifunze kuyauliza kwa heshima. Njia moja ni kuyaandika mapema, mwenyekiti wa uchaguzi akayasoma kwa wagombea wote kwa usawa. Mzee ataulizwa sawasawa na kijana, na hakuna atakayesema kuwa fulani amemvunjia heshima.

Jambo jingine ni takrima. Katika chaguzi za wanafunzi huwekwa kanuni za kampeni ili mwenye fedha asiwafunike wenzake. Mgombea anayeanza kwa kununua soda ameshawaambia wapiga kura jinsi atakavyozitazama fedha za chama.

6. Mgombea anapokuwa peke yake

Sehemu hii tunaomba isomwe kwa makini, kwa sababu ndipo parokia nyingi zinapojikwaa.

Hutokea mara nyingi chama kikawa na mgombea mmoja tu kwa nafasi moja. Kwetu huyo hupita bila kupingwa. Katika vyama vya wanafunzi vya Uingereza karatasi ya kura huwa na mstari mmoja wa ziada chini ya majina. Mstari huo si mtu. Unamwezesha mpiga kura kusema: uteuzi ufunguliwe upya. Mstari huo ukipata kura nyingi kuliko mgombea, nafasi hubaki wazi na fomu hutolewa tena. Penye wagombea kadhaa, mara nyingi wapiga kura huwapanga kwa namba, wa kwanza, wa pili, wa tatu, na mstari huo nao hupewa namba yake.

Faida yake ni mbili. Mgombea wa peke yake hawezi kubweteka, lazima aandike ilani na kujinadi kama wengine. Nao wanachama hawalazimiki kuchagua kati ya mtu asiyefaa na kukaa kimya. Anayechaguliwa kwa njia hiyo huanza kazi akijua kuwa amekubaliwa kweli. Makofi hayawezi kumpa uhakika huo, kwa sababu katika makofi anayekataa hana pa kuonekana.

Kamati ya parokia haihitaji kompyuta kwa jambo hili. Vinatosha vipande vya karatasi, kalamu na kisanduku. Andikeni jina la mgombea, na chini yake andikeni: *Tutafute wengine.* Kura zihesabiwe mbele ya watu.

Aliyeshindwa naye asiachwe. Kamati yenye busara humwendea wiki ileile na kumpa jukumu linalolingana na kipaji chake. Kura inaamua nani ashike kazi ipi mwaka huu. Haiamui thamani ya mtu.

7. Kichwa ambacho kofia haikifai

Katika teknolojia ya ubongo lipo jambo linalowagusa watu wa asili ya Afrika moja kwa moja. Ili EEG isome vizuri, elektrodi lazima iguse ngozi ya kichwa. Nywele nene za kipilipili, au zilizosukwa, huiinua elektrodi na kuharibu kipimo. Matokeo yake ni kwamba watu wenye nywele hizo wameachwa nje ya tafiti nyingi. Vifaa vikajengwa kwa kufuata vichwa vya wengine, na mgonjwa mwenye nywele kama zetu akaweza kupata kipimo kisichoaminika.

Aliyelishughulikia jambo hili alikuwa mwanafunzi. Arnelle Etienne, wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon mjini Pittsburgh, Marekani, akishirikiana na Profesa Pulkit Grover na wenzao, alibuni vibanio vinavyoishika elektrodi katikati ya mistari ya nywele zilizosukwa mtindo ambao sisi tunauita twende kilioni. Kazi hiyo ilitangazwa mwaka 2020. Ufundi wake ni wa kawaida: msuko uliozoeleka nyumbani ukafungua njia ambayo maabara hazikuiona kwa miaka mingi.

Mwanafunzi anayegombea nafasi katika chama cha namna hii anaweza kuuliza swali moja tu katika ilani yake: Je, vifaa vyetu vinafaa kila kichwa kilichomo humu? Swali hilo linabadilisha bajeti, linabadilisha mafunzo, linabadilisha hata orodha ya wanaojitolea kupimwa. Wale saba wa Matendo ya Mitume walichaguliwa kwa sababu kuna watu waliokuwa hawaonekani kwenye mgawo. Kamati zetu nazo zijiulize: mgawo wetu haumfai nani? Mlemavu asiyeweza kupanda ngazi za ukumbi? Mama mwenye mtoto wa kifafa ambaye haji mkutanoni kwa kuogopa macho ya watu?

8. Siri za watu

Mwanachama anapokubali kuvaa kofia ya EEG anakiachia chama kitu chake cha ndani. Kwa hiyo kamati yenye uadilifu huweka masharti. Anayepimwa aelezwe kwa lugha anayoielewa na atie saini kwa hiari, na aweze kujitoa wakati wowote. Kumbukumbu zihifadhiwe na mtu anayejulikana, zifutwe kwa wakati uliokubaliwa. Kwa utafiti rasmi, kibali cha kamati ya maadili ya chuo kitafutwe kwanza. Mwanafunzi asimwambie mwenzake kuwa ana ugonjwa, kwa sababu yeye si daktari. Akiona jambo la kutia shaka amshauri aende hospitali.

Dunia imeanza kulitazama jambo hili kwa uzito. Mwaka 2021 nchi ya Chile ilibadilisha katiba yake ili kulinda shughuli za ubongo wa mtu na taarifa zinazotokana nazo. Novemba 2025 nchi wanachama wa UNESCO zilipitisha mapendekezo ya kimataifa kuhusu maadili ya teknolojia hii.

Sisi hatupimi ubongo, lakini tunashika siri za watu. Kamati ya afya ina majina ya wanaotumia dawa za kufubaza virusi. Kamati ya elimu ina picha za yatima, na picha hizo hutumwa kwa wahisani. Je, mtoto aliulizwa? Je, mlezi wake alielewa picha itaonekana wapi? Mgombea wa nafasi ya katibu aulizwe waziwazi: Daftari la wagonjwa litakaa wapi, na nani atakuwa na ufunguo?

9. Makabidhiano

Kipindi cha mwaka mmoja ni kifupi. Wanafunzi huhitimu na kuondoka, na chama kinaweza kufa wakati wa likizo moja tu. Ndiyo maana vyama vingi huchagua kamati mpya kabla mwaka wa masomo haujaisha, ili wapya na wa zamani watembee pamoja kwa muda. Wa zamani hukabidhi katiba, hesabu, funguo, nywila, orodha ya vifaa, majina ya wahadhiri waliosaidia, na ahadi ambazo bado hazijatimizwa. Hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa zaidi.

Ukosefu wa mwendelezo una gharama gani? Teknolojia ya ubongo yenyewe ina mfano wa kusikitisha. Kampuni ya Marekani iitwayo Second Sight ilitengeneza Argus II, kifaa kilichopandikizwa ndani ya jicho la kipofu na kumpa uwezo wa kuona mwanga na maumbo. Mamlaka ya Marekani ilikiidhinisha mwaka 2013, na zaidi ya watu 350 duniani walipandikizwa. Mwaka 2019 kampuni iliacha kukitengeneza, na mwaka 2020, fedha zilipopungua, iliwaachisha kazi wengi wa wafanyakazi wake. Watu wakabaki na kifaa ndani ya jicho bila fundi na bila vipuri. Baadhi kilizimika, na giza likarudi. Mwaka 2022 waandishi wa habari waliiweka habari hiyo wazi mbele ya dunia.

Waliobuni kifaa hicho walikuwa wataalamu hodari, na nia yao ilikuwa njema. Lakini swali la nani atawahudumia watu hawa sisi tukiondoka halikupata jibu kwa wakati. Ni swali lilelile linaloikabili kamati inayochimba kisima bila kumwandaa fundi wa pampu, au inayoanza kumlipia mtoto karo ya kidato cha kwanza bila kujua nani atalipa ya kidato cha tatu.

Katika 1 Samweli 12:1-5, Samweli anapoachia uongozi anasimama mbele ya watu wote. Anauliza kama yupo aliyenyang'anywa mali au kuonewa naye, ili amrudishie. Watu wanashuhudia kuwa hayupo. Hayo ni makabidhiano kamili: hadharani, kwa hesabu, na kwa utayari wa kulipa. Mgombea mwema huanza kujiandaa kwa siku hiyo tangu siku anapochukua fomu.

Neno kwa wahisani wetu

Ninyi mnaotuunga mkono kwa fedha mnayo sehemu katika jambo hili. Mara nyingine mfadhili humwamini mtu mmoja, humwandikia yeye tu, na hufurahi kumwona miaka kumi katika nafasi ileile. Upendo huo ni mzuri, lakini unaweza kuidhoofisha kamati. Tunawaomba, mnaposoma taarifa zetu, mwulize pia: Nani mwingine anaijua kazi hii? Makabidhiano yaliyopita yalifanyika lini? Na mnapotenga fedha za mradi, msione ni hasara kutenga kidogo kwa ajili ya kuwafundisha viongozi wapya kabla wa zamani hawajaondoka.

Maswali ya kujadili

1. Katika kamati yetu, je, kila nafasi ina maelezo ya kazi yaliyoandikwa? Nani ameyasoma?
2. Taja ahadi tatu zilizotolewa katika uchaguzi uliopita. Ipi inaweza kukaguliwa?
3. Mgombea anapokuwa peke yake tunafanyaje? Je, tuko tayari kujaribu karatasi yenye mstari wa *Tutafute wengine*?
4. Ni nani katika eneo letu ambaye huduma zetu hazimfikii, kama kofia ya EEG isivyofaa vichwa vingine?
5. Taarifa za wagonjwa na picha za watoto tunazihifadhi wapi, na kwa ridhaa ya nani?
6. Kamati yote ikiondoka kesho, ni ahadi gani zitabaki bila mtu wa kuzitimiza?

Zoezi la robo mwaka hii

Kila kamati inunue daftari moja na kuandika juu yake: *Makabidhiano*. Kila mwanakamati aandike ukurasa mmoja kuhusu kazi yake: anachofanya kila mwezi, anaowategemea, vitu anavyovishika, na ahadi alizowapa watu. Daftari lisomwe katika kikao kimoja, kisha likae ofisi ya parokia. Uchaguzi ujao utakapofika, mwenye kutaka kugombea apewe kwanza daftari hilo alisome, ndipo apewe fomu.

Sala

Ee Bwana, wewe unayetukabidhi watu na vitu kwa muda tu, utupe macho ya kuiona kazi kabla ya cheo. Utupe ulimi wa kuahidi kile tunachoweza, na mikono safi siku ya kukabidhi. Uwakumbuke wote wanaotegemea uaminifu wetu, hasa wale wasioonekana. Amina.